William Beaumont

William Beaumont (Lebanon, Connecticut, 21 Novemba 1785 – St. Louis, Missouri, 25 Aprili 1853) alikuwa daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani. Anakumbukwa hasa kwa uchunguzi alioufanya kati ya mwaka 1825 na 1833 kupitia tundu lililobaki tumboni mwa Alexis St. Martin, mfanyakazi maskini kutoka Kanada aliyepigwa risasi kwa bahati mbaya. Kupitia tundu hilo Beaumont aliona kwa macho yake jinsi tumbo la mtu aliye hai linavyotoa asidi na kumeng'enya chakula. Dawa za kupunguza asidi na kutibu vidonda vya tumbo zilikuja muda mrefu baada ya kifo chake, lakini zinasimama juu ya mambo ambayo yeye alikuwa wa kwanza kuyaeleza kwa usahihi.

Sifa yake haitenganishwi na swali lililoulizwa hata wakati wa uhai wake: daktari ana haki gani juu ya mwili wa mgonjwa aliyemwokoa?

Maisha ya awali

Beaumont alizaliwa katika familia ya mkulima Samuel Beaumont, aliyekuwa amepigana katika vita vya uhuru wa Marekani. Hakusoma chuo kikuu. Akiwa na umri wa miaka 21, katika majira ya baridi ya 1806–1807, aliondoka nyumbani kwa kigari cha thelujini kilichokokotwa na farasi, akiwa na dola 100 na pipa la pombe ya matufaha. Alifika Champlain, kijiji cha jimbo la New York karibu na mpaka wa Kanada, akawa mwalimu wa shule kwa miaka mitatu hivi. Muda wake wa ziada aliutumia kusoma vitabu vya tiba vya kuazima.

Baadaye alivuka ziwa Champlain hadi St. Albans, Vermont, akajifunza udaktari chini ya Dk. Benjamin Chandler. Wakati ule hii ilikuwa njia ya kawaida: mwanafunzi alimfuata daktari mwenye uzoefu, akachanganya dawa, akasaidia katika upasuaji na kusoma usiku. Beaumont aliandika katika daftari kila alichokiona kwa wagonjwa, siku kwa siku. Tabia hiyo hakuiacha, na ndiyo iliyomfaa zaidi maishani kuliko shahada ambayo hakuwa nayo. Alipata kibali cha kutibu mwezi Juni 1812, mwezi uleule Marekani ilipotangaza vita dhidi ya Uingereza.

Alijiunga na jeshi kama msaidizi wa daktari mpasuaji. Mnamo Aprili 1813 alikuwa kwenye mapigano ya York, mji unaoitwa leo Toronto, ambako ghala la baruti lililipuka na kuua au kujeruhi askari wengi. Hapo alijifunza kukata viungo na kufunga majeraha usiku na mchana. Aliacha jeshi mwaka 1815, akatibu raia mjini Plattsburgh, kisha akarudi jeshini mwishoni mwa 1819. Mwaka uliofuata alipelekwa Fort Mackinac, ngome iliyo katika kisiwa kidogo kati ya ziwa Huron na ziwa Michigan. Mwaka 1821 alimwoa Deborah Green Platt wa Plattsburgh.

Jeraha la Alexis St. Martin

Mackinac ilikuwa kituo cha biashara ya ngozi za manyoya. Kila mwaka majira ya joto yalipoanza, wawindaji, Wahindi Wekundu na wapiga makasia walikusanyika kwenye duka la American Fur Company kuuza ngozi na kununua mahitaji yao. Tarehe 6 Juni 1822 bunduki ya marisau ilifyatuka dukani humo, na mtu aliyesimama umbali wa kama meta moja akapigwa ubavuni, upande wa kushoto. Aliyepigwa ni Alexis St. Martin, mpiga makasia wa kampuni hiyo, msemaji wa Kifaransa kutoka Kanada. Beaumont aliandika kwamba alikuwa na umri wa miaka 18. Kumbukumbu za kanisa zinaonyesha kuwa huenda alikuwa mkubwa zaidi.

Beaumont aliitwa, akafika baada ya dakika chache. Mbavu zilikuwa zimevunjika, sehemu ya pafu imetokeza nje, na tumbo limetoboka kiasi kwamba chakula cha asubuhi kilikuwa kinatoka kwenye jeraha. Daktari hakutegemea kwamba mtu huyo angepona. Alisafisha jeraha, akaondoa vipande vya nguo na mifupa, akamfunga.

St. Martin hakufa. Kwa siku 17 kila alichomeza kilitoka nje kupitia jeraha, na Beaumont alimlisha kwa kuingiza chakula cha majimaji kupitia njia ya haja kubwa. Baada ya hapo chakula kilianza kubaki tumboni ikiwa jeraha limezibwa kwa kitambaa. Homa ilishuka, vipande vya mbavu viliendelea kutolewa kwa miezi mingi, na nyama mpya ikaota. Lakini tundu halikuziba. Kingo za tumbo zilishikamana na kingo za ngozi, pakabaki mlango wa kudumu, yaani fistula, chini kidogo ya titi la kushoto.

Ilipofika masika ya 1823 viongozi wa wilaya walikataa kuendelea kumtunza St. Martin kwa fedha za umma, wakataka arudishwe kwao Kanada kwa mashua, safari ya zaidi ya kilometa 2,000. Beaumont aliona safari hiyo ingemuua, akamchukua nyumbani kwake, akamlisha, akamvisha na kumfunga jeraha kila siku kwa karibu miaka miwili. Mshahara wake ulikuwa mdogo na alikuwa na familia. Wanaomlaumu Beaumont kwa yaliyofuata mara nyingi husahau jambo hili.

Baada ya muda, mkunjo wa ukuta wa ndani wa tumbo ulijitengeneza kuwa kifuniko nyuma ya tundu. Kilizuia chakula kisitoke, lakini kiliweza kusukumwa kwa kidole. Mwenye kusukuma aliona ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Beaumont aliandika kwamba alipendekeza kulifunga tundu kwa upasuaji, na St. Martin akakataa. Upasuaji wa tumbo bila dawa ya usingizi, katika enzi ambayo hakuna aliyejua habari za vijidudu vya maambukizi, ulikuwa hatari kubwa. Kwa hiyo kukataa kwake kunaeleweka. Hata hivyo, wapo wanaoona kwamba Beaumont hakuwa na haraka ya kuziba dirisha kama lile.

Majaribio

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kuhusu mmeng'enyo wa chakula. Wengine walidhani tumbo linasaga chakula kama jiwe la kusagia, wengine kwamba linakipika kwa joto, wengine kwamba chakula kinaoza au kuchachuka. Mfaransa Réaumur na Mwitalia Spallanzani walikuwa wameonyesha katika karne ya 18 kwamba maji yanayotoka tumboni yanaweza kuyeyusha nyama. Mwingereza William Prout alitangaza mwishoni mwa 1823 kwamba tumboni mna asidi hidrokloriki, tindikali kali ambayo wengi walishindwa kuamini kwamba mwili unaweza kuitengeneza. Bado hapakuwa na mtu aliyekwisha kuutazama mmeng'enyo wenyewe ukifanyika ndani ya mtu hatua kwa hatua.

Daktari mkuu wa jeshi, Joseph Lovell, alimtia moyo Beaumont aanze uchunguzi. Majaribio yalianza mwaka 1825, na katika mwaka huohuo Beaumont alihamishiwa Fort Niagara akaenda pamoja na St. Martin. Huko, tarehe 1 Agosti saa sita mchana, alifunga vipande vya vyakula kwenye uzi wa hariri: nyama ya ng'ombe iliyotiwa viungo, nyama mbichi ya nguruwe yenye mafuta, nyama ya ng'ombe mbichi na iliyochemshwa, mkate mkavu na kabichi mbichi. Aliviingiza vyote kupitia tundu, kisha St. Martin akaendelea na kazi zake za nyumbani. Baada ya saa moja uzi ulivutwa: kabichi na mkate vilikuwa vimemeng'enywa karibu nusu, nyama bado. Saa nane mchana kabichi, mkate, nyama ya nguruwe na nyama iliyochemshwa vilikuwa vimetoweka kwenye uzi. Nyama mbichi ya ng'ombe ilikuwa imeguswa juujuu tu. St. Martin alilalamika kwa maumivu na udhaifu, na jaribio likakomeshwa.

Siku chache baadaye Beaumont alifanya jaribio ambalo huenda lilikuwa muhimu kuliko yote. St. Martin alikaa saa 17 bila kula. Beaumont alipima joto la tumbo, akapata nyuzi 100 za Fahrenheit, sawa na 38 hivi za Selsiasi. Akatoa maji ya tumbo kwa mrija, akayaweka katika chupa pamoja na kipande cha nyama iliyochemshwa, na chupa akaiweka katika maji yenye joto lilelile. Kipande kingine kama hicho alikiingiza tumboni. Cha tumboni kilitoweka kwa muda wa saa mbili hivi. Cha chupani kilichukua saa 10, lakini nacho kiliyeyuka chote. Kwa hiyo mmeng'enyo ulikuwa tendo la kikemia. Haukuhitaji kusagwa wala nguvu ya siri ya uhai, kwa kuwa ulifanyika hata nje ya mwili, mradi pawepo maji ya tumbo na joto. Mwendo wa tumbo, unaochanganya chakula na maji hayo, uliuharakisha tu.

Mgonjwa anayeondoka

Mnamo Septemba 1825 Beaumont alichukua likizo akaenda na St. Martin hadi eneo la ziwa Champlain, karibu na mpaka wa Kanada. St. Martin akaona njia ya kwao, akaondoka bila kuaga. Alioa, akapata watoto, akarudi kwenye kazi ya makasia, huku tumbo lake likiwa bado wazi. Beaumont alikasirika, akaandika barua nyingi kumtafuta, na watu wa American Fur Company wakamsaidia kumpata.

Mwaka 1829 St. Martin alikubali kurudi. Alisafiri na mke wake na watoto karibu kilometa 3,000 hadi Fort Crawford, Prairie du Chien, kando ya mto Mississippi. Huko alipasua kuni, alibeba mizigo na kufanya kazi zote za mtumishi wa nyumbani, na katikati ya kazi aliitwa kulala chali ili mirija na vipimajoto viingizwe tumboni mwake. Mke wake hakuipenda hali hiyo. Mwaka 1831 familia iliondoka kwa mtumbwi, safari hii kwa ruhusa, ikapita mito na maziwa hadi Kanada.

Mwaka 1832 Beaumont aliandikisha mkataba. St. Martin, asiyejua kuandika, aliweka alama badala ya sahihi. Kwa chakula, malazi na dola 150 kwa mwaka alijitoa kumtumikia Beaumont, kumfuata popote na kukubali majaribio yote ya haki yatakayofanywa tumboni mwake. Huu hutajwa kama mmojawapo wa mikataba ya kwanza ya utafiti kati ya daktari na mtu anayechunguzwa. Tena, ili mzigo wa gharama upungue, St. Martin aliandikishwa jeshini akawa analipwa mshahara wa askari. Majaribio mengi zaidi yalifanyika mjini Washington katika miezi iliyofuata, na kwa jumla yote yalizidi 200.

Kitabu cha 1833

Beaumont alichapisha matokeo yake mjini Plattsburgh mwaka 1833 kwa gharama yake mwenyewe. Kitabu hicho kuhusu maji ya tumbo na mmeng'enyo kilieleza jaribio moja baada ya jingine, pamoja na saa, joto, aina ya chakula na hali ya mgonjwa, kisha kikatoa hitimisho 51. Kilitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka uliofuata, na mwaka 1838 kikachapishwa Edinburgh. Kwa nchi ambayo bado haikuhesabiwa katika sayansi ya tiba, hilo halikuwa jambo dogo.

Hitimisho lenye matokeo makubwa zaidi lilihusu wakati ambapo asidi hutokea. Watu wengi waliamini kwamba maji ya tumbo hukusanyika tumboni kati ya mlo na mlo, yakisubiri chakula. Beaumont aliona kinyume chake. Tumbo tupu lililotulia lilikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, limefunikwa na ute mwembamba, na halikuwa na ukali. Alifikia hata kuugusa ukuta wa ndani kwa ulimi wake, asionje uchachu wowote. Lakini chakula kilipogusa ukuta huo, vijitone safi vilianza kutokeza kama jasho, na ladha ya asidi ikaja mara moja. Tumbo, kwa maneno mengine, halikuwa kisima cha asidi. Lilitengeneza asidi pale lilipoitwa kufanya hivyo.

Aliona pia kwamba hasira na hofu zilibadilisha sura ya tumbo na kuchelewesha kazi yake; St. Martin hakuwa mtu mpole, na nafasi za kuona hasira hazikukosekana. Baada ya siku kadhaa za ulevi, Beaumont aliona mabaka mekundu na vidonda vidogo kwenye ukuta wa ndani, huku mgonjwa mwenyewe akisema hana maumivu yoyote. Kwamba tumbo linaweza kuharibika bila mwenye tumbo kujua ni jambo ambalo madaktari wanalikuta hadi leo kwa wagonjwa wanaotapika damu bila kuwahi kulalamika kabla.

Hata dawa alizijaribu kwa njia hiyo. Mwaka 1825, alipoona madoa meupe tumboni mwa St. Martin, aliangusha vidonge vya kalomeli, dawa ya kuharisha yenye zebaki iliyotumiwa sana wakati ule, moja kwa moja kupitia tundu, akatazama madoa yakiondoka. Leo hakuna anayetibu tumbo kwa zebaki. Lakini kuweka dawa tumboni na kuona kwa macho inafanya nini ni jambo ambalo madaktari wengine walilipata baada ya zaidi ya miaka mia moja, vilipokuja vyombo vyenye kamera vinavyopitishwa kooni.

Kitabu kilikuwa na jedwali la muda wa kumeng'enywa kwa vyakula vingi: wali saa 1, mayai yaliyochemshwa hadi yakagandama saa 3 na nusu, nyama ya nguruwe ya kuoka saa 5 na robo. Jedwali hilo lilinakiliwa katika vitabu vya afya kwa miongo mingi, pengine kuliko lilivyostahili, kwani lilitegemea tumbo la mtu mmoja, tena lenye tundu.

Makosa pia yalikuwepo. Beaumont hakuwa mkemia. Alipeleka maji ya tumbo kwa Robley Dunglison wa Chuo Kikuu cha Virginia na Benjamin Silliman wa Yale, ambao walithibitisha kuwemo kwa asidi hidrokloriki. Chupa moja ilivuka bahari hadi kwa Berzelius, mkemia mashuhuri wa Sweden, ambaye hakuweza kutoa jibu la maana. Beaumont alihisi kwamba asidi peke yake haitoshi kueleza nguvu ya maji hayo. Hisia hiyo ilikuwa sahihi: mwaka 1836 Mjerumani Theodor Schwann alitambua pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini kikisaidiwa na asidi. Kuhusu chanzo cha njaa, Beaumont alitoa maelezo ambayo hayakukubaliwa baadaye.

Miaka ya St. Louis

Katika masika ya 1834 St. Martin alikwenda Kanada kuiona familia yake. Beaumont hakumwona tena. Kwa miaka 18 aliendelea kumwandikia, akimwahidi fedha na safari ya Ulaya, St. Martin alijibu kwa upole, akaomba fedha zaidi, akasema mke wake hataki, na hakuja. Inaonekana kila mmoja alijua thamani ya tundu lile. Beaumont aliomba pia bunge la Marekani limrudishie gharama zake, bila mafanikio.

Kuanzia 1834 alifanya kazi St. Louis, kwanza jeshini. Lovell, mlinzi wake, alifariki mwaka 1836, na mrithi wake Thomas Lawson hakumpendelea. Beaumont aliacha jeshi baada ya mgogoro kuhusu uhamisho, akabaki mjini humo akiwa daktari wa raia mwenye wagonjwa wengi.

Mwaka 1840 jina lake lilitajwa mahakamani kwa namna ambayo hakuitegemea. Mchapishaji wa gazeti, Andrew Davis, alipigwa kichwani kwa fimbo ya chuma na William Darnes. Beaumont alitoboa fuvu ili kupunguza mgandamizo, lakini Davis akafa. Mawakili wa Darnes walidai kwamba aliyemuua ni daktari, si fimbo: kwamba Beaumont alitoboa kichwa kwa udadisi wa kutaka kuona ndani, kama alivyoliacha wazi tumbo la St. Martin ili achungulie. Dai hilo halikuwa la haki kitabibu, kwani upasuaji wa namna ile ulikuwa wa kawaida kwa jeraha kama hilo. Lakini Darnes aliponea kwa faini, na maneno hayo yalimuuma Beaumont.

Mapema mwaka 1853, akitoka kumwona mgonjwa, aliteleza kwenye ngazi zilizofunikwa na barafu akaumia kichwa. Jeraha lilipata maambukizi, akafariki tarehe 25 Aprili akiwa na umri wa miaka 67. Alizikwa katika makaburi ya Bellefontaine, St. Louis.

Kutoka kwenye tundu hadi kwenye dawa

Wanasayansi wa Ulaya walijifunza kutoka kwa ajali ya Mackinac kwamba tundu la tumbo linaweza kuvumiliwa na mwili, wakaanza kutengeneza matundu ya makusudi kwa mbwa. Mashuhuri kati yao ni Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo. Pavlov alionyesha kwamba neva zinaagiza asidi itoke hata kabla chakula hakijafika tumboni. Mwaka 1916 Leon Popielski aligundua kwamba histamini, kemikali iliyomo mwilini, nayo inachochea asidi kwa nguvu.

Wakati wa Beaumont mwenye kiungulia alipewa chokaa au magnesia, ambazo huua ukali wa asidi iliyokwisha kutoka. Vidonge vya magnesia vya kutafuna vinavyouzwa leo hufanya kazi ileile, na nafuu yake ni ya muda mfupi, maana tumbo linaendelea kutengeneza asidi nyingine. Ingekuwa asidi ni maji yaliyohifadhiwa tu, pasingekuwa na njia nyingine. Lakini kwa kuwa hutengenezwa kwa kuitwa, wito wenyewe unaweza kuzuiwa. Kwa vidonda sugu madaktari wa upasuaji walianza kwa kukata neva inayoleta agizo, njia iliyoenezwa na Lester Dragstedt wa Chicago kuanzia 1943. Kisha Mskoti James Black na wenzake walitengeneza simetidini, dawa inayokaa mahali ambapo histamini ingekaa kwenye seli za tumbo, hivyo agizo halisikiki. Iliingia madukani Uingereza mwaka 1976, na wagonjwa wengi ambao wangepasuliwa wakatibiwa kwa vidonge. Black alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Katika mwaka huohuo ilianza kuuzwa omeprazoli, inayofunga pampu yenyewe ya asidi ndani ya seli. Omeprazoli humezwa kabla ya kula kwa sababu pampu hizo huamka chakula kinapokuja, jambo ambalo Beaumont aliliona likitokea bila kujua habari za seli wala pampu.

Kupunguza asidi hakukuwa mwisho wa habari. Waaustralia Robin Warren na Barry Marshall walionyesha kuanzia 1982 kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayedhoofisha kinga ya ukuta wa ndani. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ndiyo sababu mgonjwa mwenye bakteria huyo hupewa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na asipomaliza dozi kidonda hurudi. Vidonda vingine hutokana na dawa za maumivu za aina ya aspirini.

Nchini Marekani hospitali ya jeshi ya El Paso, Texas, na hospitali kubwa ya Royal Oak, Michigan, zilipewa jina la Beaumont. William Osler, daktari maarufu mzaliwa wa Kanada, alitoa hotuba juu yake St. Louis mwaka 1902, na tangu hapo ameandikwa katika historia nyingi za tiba.

Mwisho wa St. Martin

St. Martin aliishi miaka 27 zaidi ya daktari wake. Katika miaka ya 1850 alizungushwa na mtu mmoja katika miji ya Marekani kuonyesha tumbo lake, kisha akarudi Quebec kwenye kilimo, umaskini na pombe. Alifariki tarehe 24 Juni 1880, miaka 58 baada ya kupigwa risasi.

Osler alitaka mwili wake uchunguzwe na tumbo lipelekwe kwenye makumbusho ya tiba ya jeshi mjini Washington. Familia ilikataa. Waliuacha mwili nyumbani wakati wa joto hadi ukaharibika kiasi kwamba jeneza halikuweza kuingizwa kanisani, wakamzika katika kaburi la kina cha futi 8 ili madaktari wasimfukue. Kaburi lilikaa bila alama yoyote hadi mwaka 1962, wanafiziolojia wa Kanada walipoweka kibao karibu nalo chenye jina lake.